Kelele za Bwana Bati

Watu wenye macho wana huruma, jamani. Huruma yao ingekuwa inauzwa kwa kilo, mimi leo ningekuwa tajiri wa kutajwa. Wakinikuta mbele ya kompyuta yangu hawaulizi nimeshindaje wala kazi inaendaje. Wanasikiliza kidogo, wanavuta pumzi, halafu wanauliza kwa sauti ile ya wodini: hivi hiyo sauti mbaya namna hiyo haiwezi kubadilishwa? Wameisikia kwa muda wa kumeza mate tu, na tayari wameshajiandaa kuniokoa.

Sauti yenyewe inaitwa Bwana Bati. Jina nimempa mimi. Kwa asiyejua mambo haya, kompyuta ya kipofu ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, na mwenyewe unachagua nani akusomee na kwa mwendo gani. Wasomaji wapo wa kila namna. Yuko binti mmoja anayesoma kama anambembeleza mtoto alale, hata ukimpa tangazo la mnada. Yuko mzee mwenye sauti nzito ya matanga, akikusomea bei ya nyanya unatafuta leso. Yuko kijana mchangamfu mno, wa kumzaba kofi. Na yuko Bwana Bati, sauti ya kale iliyotengenezwa na mashine mwanzo mwisho, bila koo la mtu yeyote kuhusika. Hana pumzi, hana mafua, hana furaha. Anaongea kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe akaridhika na maisha ya humo.

Uzuri wake ni mwendo. Wale wenye sauti za watu ukiwaharakisha wanaanza kumeza maneno kama walevi. Bwana Bati hata ukimkimbiza mpaka mwisho wa kipimo, kila silabi iko mahali pake. Mimi nimemweka huko huko mwisho. Asiyezoea anasikia mbaazi zinamwagwa kwenye sufuria. Mimi nasikia barua nzima, salamu, madai na vitisho, kabla wewe hujamaliza kutafuta miwani yako.

Nafanya kazi shirika la maji, chumba cha kupokea simu za wateja. Ni kazi tamu sana kama unapenda kutukanwa na watu usiowajua. Mteja anakaa sikio la kulia, analalamika kwamba bomba limekauka tangu juzi na bili imekuja imenona. Bwana Bati anakaa sikio la kushoto, ananisomea akaunti ya huyohuyo mteja, alilipa lini, mita ilisomwa lini, fundi alitumwa au alisingizia. Mimi niko katikati na vidole kwenye kibodi. Tulikuwa tunaelewana vizuri sisi watatu, na foleni ya simu ilikuwa inakwenda.

Sasa meneja wetu ni mtu wa maboresho. Akiona kitu kinakwenda vizuri anakosa usingizi. Siku moja alipita nyuma ya kiti changu nikiwa nimetoa hedifoni kupumzisha masikio, akamsikia Bwana Bati kwa mbali, akasikitika. Haikupita wiki, akaja na zawadi. Alikuwa ameninunulia sauti mpya, ya mwanamke, sauti ya mtu kabisa, inavuta pumzi kwenye mkato na inatabasamu kwenye nukta. Nikamwita Bibi Asali. Wenzangu walikusanyika, wakapiga makofi. Mpiga picha wa jarida la shirika akaniomba niangalie kamera. Nikamuuliza iko wapi.

Kesho yake nikaanza kazi na Bibi Asali. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mwenye hasira za kistaarabu. Akaanza kunieleza habari za mita yake, na Bibi Asali, kwa upole wa mtu aliyekuja kutoa pole, akaanza kunisomea akaunti yake. Basi nikawa na watu wawili masikioni, wote wana adabu, wote wanavuta pumzi, wote wananiambia habari za mita. Nikapoteza dira. Bibi Asali alipofika mwisho nikamjibu, “Nimekuelewa, mama, subiri kidogo.” Mzee akataka kujua kuna mama gani kwenye simu yake. Mpaka saa ya chakula nilikuwa nimeipa pole mashine na kuwakatiza wateja, na foleni ilikuwa imefika huko kusikoonekana, nasema hivyo kwa niaba ya wenye macho.

Nikaenda kwa meneja, nikamweleza kwa heshima zote kwamba kinachonisaidia kwa Bwana Bati ni hichohicho kinachowachukiza wao. Hafanani na mtu. Sikio langu halimchanganyi na binadamu hata siku moja. Meneja akasema nitazoea. Nikamwambia awasikilize wateja wawili kwa pamoja, kila mmoja sikio lake, halafu aniambie mmoja kasema nini. Alijaribu, namsifu kwa hilo, akavua hedifoni haraka kama kitu kimemuuma. Bwana Bati akarudishwa kazini, na kwenye kikao kilichofuata meneja alitangaza kwamba baada ya utafiti wa kina idara yake imegundua umuhimu wa sauti isiyofanana na ya mtu. Watu wakapiga makofi tena. Mimi pia nilipiga, mikono haikunigharimu kitu.

Lakini ule utafiti wa kina ulifika mbali. Shirika lilikuwa linafungua kituo kipya cha simu katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na walitaka kuajiri wasioona kadhaa. Wakahitaji mtu wa kuwafundisha na kuwasimamia. Wakaniandikia mimi. Cheo kinapanda, nyumba ya shirika ipo, chumba na sebule, karibu na ofisi. Walitaka jibu kabla ya Jumatatu, na waliuliza jambo moja la ziada: je, nitakuja na mtu wa kunisaidia, ili wajue nyumba waandae ya namna gani?

Nilisoma barua ile mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima. Sijawahi kukaa kwenye nyumba ambayo ufunguo ni wangu.

Naishi kwa dada yangu. Ndiye mkubwa wetu, na mama alipofariki mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo ni dada kwa jina tu. Ni fundi cherehani, anashonea palepale sebuleni. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa friji, na anaamini kila kitu chenye waya ni ndugu wa friji. Watoto wao wako shule za bweni. Tumebaki sisi watatu, na kati ya watatu hao mmoja ndiye anayelelewa.

Naomba nieleweke, dada yangu ni mtu mwema. Wema wake ndio unaoniua. Kila asubuhi ananiwekea kikombe mezani na kunitangazia kwamba chai ni ya moto. Maisha yangu yote chai ya nyumba ile haijawahi kuwa baridi, lakini taarifa lazima itolewe. Ananitolea miiba ya samaki. Ananikata kucha, mimi mwenye mshahara na kitambulisho cha mpiga kura. Mgeni akija anamuuliza yeye kama mimi nanywa chai na sukari, naye anajibu, na mimi nimekaa hapohapo na ulimi wangu mdomoni mzima kabisa. Niliwahi kusema nataka kupanga chumba mtaa wa pili tu. Ukaitwa mkutano wa ukoo. Shangazi alilia. Mjomba aliuliza kama kuna mtu nyumbani kaniudhi. Chumba kikapangishwa kwa mtu mwingine, na mimi nikaongezewa nyama kwenye sahani.

Kwa hiyo habari ya kazi mpya sikumwambia mtu. Na hapa ndipo Bwana Bati alipokuwa rafiki wa kweli.

Nyumbani sivai hedifoni. Zimeshinda zinanipika masikio kazini, halafu kipofu aliyeziba masikio ndani ya nyumba anakuwa sawa na kabati, watu wanampita na kumwekea vitu. Nataka nisikie nani kaingia, nani katoka, sufuria gani inachemka. Basi jioni nakaa sebuleni, dada kwenye cherehani yake, mimi kwenye meza yangu, na Bwana Bati anasoma kwa spika, kwa sauti, mbele ya watu wote. Wengine wana milango ya kufunga. Mimi nilikuwa na mwendo. Kwa kasi ile hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa anaambulia hata neno, na mimi nilikuwa nasoma mambo yangu ya siri hatua mbili kutoka kwa mtu ninayemficha. Nitasema kweli, nilikuwa naona raha.

Nilikuwa naandikiana na rafiki yangu mmoja niliyesoma naye shule ya wasioona, tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Anaishi huohuo mji wa kituo kipya, anapanga mwenyewe, anapika mwenyewe, anaungua mwenyewe. Huyo ndiye niliyekuwa nammwagia yote. Nilimwandikia kwamba jela yangu ina mapazia na askari mmoja anayepika vizuri. Nilimwandikia kwamba leo askari kanishika kucha kwa nguvu. Yeye ananijibu kwa vicheko, Bwana Bati anavisoma vicheko vyake kwa ule uso wake wa debe, na dada yuko pale anashona kola ya mtu. Mara nyingine Bati akianza kusoma, cherehani ilikuwa inasimama. Nikajua ni namna yake ya kunionyesha kwamba nimemsumbua. Mara nyingine alisema wazi kwamba huyo mdudu wangu atatutoboa masikio. Namwambia nitapunguza sauti. Napunguza sauti, mwendo siugusi.

Basi Jumamosi ile, kabla ya ile Jumatatu ya jibu, shemeji akaamua kunifanyia wema. Alikuwa amesikia kwa mtu wa kazini kwetu kwamba kuna sauti nzuri ya mwanamke imenunuliwa na imelala bure. Akaiomba, akapewa, akaileta nyumbani kwenye kile kijiti cha kuhifadhia mafaili. Mimi nilikuwa bafuni najimwagia maji. Kompyuta nilikuwa nimeiacha wazi, kwenye barua pepe zangu, kama kawaida. Nani angeielewa?

Nikiwa na sabuni mpaka masikioni, nikasikia sebuleni mwanamke anavuta pumzi.

Alianza polepole, kila neno limepigwa pasi. Ndugu yetu mpendwa, akasema Bibi Asali, tunafurahi kukufahamisha kuhusu kituo chetu kipya. Nikajifunga taulo, nikatoka, nikajigonga kwenye kigoda ambacho hakijahama tangu nizaliwe. Jasho na sabuni vilikuwa vinashindana. Kufumba na kufumbua, mambo ambayo kwangu ni kitu kimoja, niliona maisha yangu yote yanapita: shangazi analia, mjomba anauliza nani kaniudhi, nyama inaongezeka kwenye sahani.

Nilipofika mlangoni Bibi Asali alikatwa katikati ya sentensi. Dada ndiye aliyezima. Alimwambia mumewe aache kuchezea vitu vya kazi vya watu, ataharibu halafu nani atalipa, na arudishe mara moja ile sauti ya zamani. Shemeji alinung'unika. Yeye alikuwa ameduwaa na zile pumzi. Akaniuliza kama nimesikia anavyotabasamu kwenye nukta. Neno hata moja hakuwa amelishika, maana watu wanaopenda sauti nzuri hawana muda wa kusikiliza inasema nini. Nikamshukuru sana, nikamwambia imetulia, nitaitunza kwa siku maalumu. Nikamrudisha Bwana Bati mwenyewe.

Nikakaa pale na taulo langu nikimshukuru Mungu kwa kumuumba dada yangu mwoga wa mashine. Nilijiona mjanja, nakwambia. Kwamba miaka yote amelalamikia yule mdudu na leo yeye mwenyewe ndiye anayeamuru arudishwe, hilo sikujiuliza. Mjanja hajiulizi.

Jumapili mchana shemeji alikwenda kuangalia friji la mtu. Jibu la kukubali nilikuwa nimeshaliandika tangu Alhamisi, limekaa tu linasubiri kutumwa. Kila nikinyoosha kidole, kidole kinapata kazi nyingine. Mteja wa dada akaja kuchukua gauni lake, wakasimama mlangoni kupiga soga. Akamuuliza dada kama nyumba haijawa kimya tangu watoto waende bweni. Dada akasema hapana, haijawa kimya, mdogo wangu yupo, ndiye mwenzangu. Alisema hivyo kawaida tu, kama mtu anayetaja saa. Hakujua nasikia. Au ndivyo nilivyodhani.

Jamani, iliniingia. Nimemwandikia Chiriku habari za jela kwa mwaka mzima, na huyu askari kumbe hana mtu mwingine wa kuongea naye. Alirudi kwenye cherehani, akaendelea na pindo lake, na mimi nikakaa nikasikiliza ile cherehani nikafikiria jinsi itakavyosikika kwenye nyumba isiyo na mtu. Hapohapo nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika kwamba nashukuru sana kwa heshima niliyopewa, lakini kwa sababu za kifamilia sitaweza kuja, nawatakia kila la heri. Barua nzuri, fupi, ya kishujaa. Nilikaribia kulia kwa jinsi nilivyojipendezea. Nikampa Bwana Bati anisomee kabla sijaituma. Akaisoma kwa pumzi yake moja asiyokuwa nayo, mwanzo mpaka mwisho.

Cherehani ikasimama.

“Usitume hiyo,” alisema dada.

Nikadhani anazungumza kwenye simu. Nikamuuliza hiyo ipi.

“Hiyo ya kukataa. Ile ya Alhamisi ilikuwa nzuri.”

Kuna ukimya ambao hata kipofu anauona, na ulikuwa ni huo. Nikamuuliza tangu lini. Akasema yeye mwenyewe hajui vizuri. Nilipokuwa nasomea cheti, nilikuwa nashinda na yule mdudu usiku na mchana, na yeye alikuwa palepale na nguo za watu. Mwanzo hakusikia kitu. Halafu akaanza kusikia jina lake likipita. Halafu salamu, kwa sababu barua zote zinaanza na salamu. Halafu siku moja akajikuta anajua mteja fulani amekatiwa maji na kwa nini, na hakukumbuka ameambiwa na nani. Alisema mtu akikaa na kelele muda mrefu kwenye nyumba yake mwenyewe, inakuwa kama mvua juu ya bati, unajua tu sasa inanyesha kiasi gani.

Nikaanza kupitia kichwani kila kitu ambacho Bwana Bati amewahi kusoma kwenye sebule ile. Ilikuwa safari ndefu na mbaya.

“Na ile ya askari?” nikauliza.

“Anayepika vizuri,” akasema. “Hapo nilishukuru.”

Akavuta uzi, nikasikia anaukata kwa meno.

“Ya kucha ndiyo ilinikera,” akaendelea. “Ulikuwa umejikata mwenyewe wiki ile, shuka lina damu. Hilo hukumwandikia.”

Kweli, hilo sikuliandika. Nilimwambia nisamehe, dada, na neno lilitoka dogo kuliko kitu chenyewe. Alisema hana la kusamehe, kwamba yeye naye amekuwa akisikiliza mlangoni kwa mtu, ila mlango wenyewe ulikuwa umewekwa sebuleni kwake. Nikacheka, na kicheko kikageuka katikati, nikawa nalia kama mtoto. Nilikuwa na hasira pia, tusidanganyane. Miaka yote nimejiona nina kona yangu moja duniani, kumbe nilikuwa nakoga sokoni.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Angesema neno moja tu, ningejua, nisingeyaandika yale.

Aligeuza kitambaa kwenye cherehani kwanza.

“Ungevaa hedifoni,” alisema. “Usingeniambia kitu tena. Sasa hivi hapa unaniambia nini? Chai tamu. Nimeshiba. Nimerudi. Mengine yote yako nayapata kwa huyo mdudu.”

Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mimi niliyekuwa nawacheka wanaopenda sauti nzuri bila kusikiliza maneno, nilikuwa na mtu amejifunza sauti mbaya kuliko zote, bila mwalimu, ili tu ajue nimeshindaje.

Nikamwambia basi siendi. Nilisema kwa moyo wangu wote. Nikamwambia watapata mtu mwingine, vipofu tuko wengi.

Akaniambia nisimletee upuuzi. Alisema jana nusura shemeji asikie barua nzima kwa yule mwanamke wa pumzi, na angesikia, leo ukoo mzima ungekuwa humu ndani na mimi ningekuwa nimekwisha. Yeye mkutano hauitishi safari hii. Alisema ule wa chumba cha mtaa wa pili ni yeye aliyeuitisha, na aliona nilivyokula chakula bila hamu wiki nzima baada ya hapo, na hajasahau. Nyumba itakuwa kimya, ndiyo, itakuwa kimya. Watu wanaishi kwenye nyumba za kimya na hawafi. Sauti yake ilikuwa imara mno, ile imara ya mtu anayebeba ndoo iliyojaa.

Nikasikia anasukuma kiti, anakuja. Akavuta kigoda kile, akakaa karibu yangu mpaka bega lake likagusa langu. Nywele zake zilinuka mafuta ya cherehani.

“Nisomee ile ya kukubali,” akasema. “Lakini mwambie aende polepole. Zote nimezisikia kwa kuiba. Hii nataka niisikie kama mtu aliyesomewa.”

Nikamuuliza kama nimwekee Bibi Asali basi, sauti nzuri. Akasema yule hamjui.

Basi nikamshusha Bwana Bati mwendo. Sijawahi kumshusha hivyo tangu nimfahamu. Nilibonyeza na kubonyeza mpaka akafika pale watu wengine wanapoongelea, na ndipo nilipojua kwamba wale wenye huruma hawakuwa wamekosea kabisa, kwa polepole ana sauti mbaya kweli. Akaanza kusoma. Nashukuru kwa barua yenu. Nimekubali nafasi mliyonipa. Kila neno lilikuja peke yake, likasimama, likaondoka. Dada hakutikisika. Bwana Bati akafika kwenye lile swali lao la ziada, na jibu langu nililoandika Alhamisi nikiwa na kiburi changu chote: kuhusu mtu wa kunisaidia, sina haja, nitakuja peke yangu.

Dada aliniomba nirudishe hapo.

Nikarudisha. Nitakuja peke yangu, akasema Bwana Bati, bila furaha wala huzuni.

“Tena,” akasema dada.

Nikarudisha tena. Bega lake lilikuwa linatetemeka kidogo kidogo. Nikamwambia naweza kubadilisha, naweza kuandika kwamba dada yangu atanisindikiza siku za mwanzo, hawatakataa. Akashika mkono wangu uliokuwa umeshaanza kufuta, akaurudisha kwenye kibodi.

“Acha kama ilivyo,” alisema. “Nilikuwa nazoea tu. Tuma.”

Nikatuma. Bwana Bati, kwa mwendo uleule wa kujikokota, akatangaza kwamba ujumbe umetumwa.

“Nimesikia,” alisema dada.